Ng'ombe wa Alhamisi

Jamani, uso wangu nimeuacha Lambwe leo. Mkipita huko mkauona, mniletee.

Nianze na Baba, maana bila yeye hamtaelewa. Baba alikuwa akifanya kazi ya kutega mbung'o bondeni, na ndiye aliyekuwa na televisheni ya kwanza kijijini kwetu. Ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Kila Alhamisi jioni kulikuwa na kipindi kimoja cha vichekesho cha Waingereza, na nyumba ilikuwa inajaa mpaka watoto tunakaa chini ya meza. Kiingereza watu hawakujua. Baba ndiye aliyekuwa anatafsiri kwa Dholuo, amesimama kando ya televisheni, mkono mmoja umeshika waya wa antena.

Kipindi chenyewe kilikuwa hivi. Mzungu mrefu anaingia kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja mnene anayeuza chai. Kengele ya mlango inalia. Mzungu anavua kofia, anaizungusha mikononi, anaanza kusema jambo, anashindwa, anakunywa chai, anaenda zake. Baba alitueleza kwamba yule mtu amepoteza ng'ombe wake, na anashuku yuko nyuma ya ile hoteli, ila ana adabu mno, hawezi kumwambia mtu ni mwizi huku anakunywa chai yake. (Nilikuwa na miaka saba. Niliamini kila neno.) Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja huyo ng'ombe. Wazee walikuwa wanabishana sokoni kama ni mwekundu au wa madoa.

Halafu radi ikapiga antena, televisheni ikaungua, na mwisho hatukuuona.

Baba alituacha mwaka juzi. Baada ya mazishi, watu walipotawanyika na viti kurudishwa, Mama aliniambia, "Nyathina, mwanangu, natamani Alhamisi moja tu, kama zile." Nikamwahidi nitakitafuta kile kipindi.

Eti mtandaoni kuna kila kitu! Hebu jaribuni kutafuta kichekesho cha zamani cha Waingereza kuhusu ng'ombe aliyepotea. Nililetewa video za kukamua maziwa. Nikajiunga na kundi la wazee wa Uingereza wanaopenda vipindi vya zamani, nikawaeleza hadithi yote. Wakajibu kwa heshima kwamba hakuna kipindi kama hicho. Mmoja akasema pengine nilikuwa mtoto nikachanganya mambo. Nikamjibu kwamba baba yangu hakuwa mtu wa kudanganya. (Nilitumia herufi kubwa.)

Siku moja bibi mmoja wa kundi hilo akaniuliza, "Mlango ulikuwa na kengele? Na kofia alikuwa akiizungusha mikononi?"

Niliruka hadi chai ikamwagika. Ndicho! Akanieleza kwamba kanda nyingi za zamani zilifutwa ili zirekodiwe vitu vingine, na kwamba kwenye kipindi hiki imebaki sehemu moja tu, ya mwisho. Akanitumia mahali pa kuipata. Habari ya ng'ombe hakuigusa kabisa. (Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka.)

Niliipakua shuleni Rangwe, ninakofundisha. Nikaifungua nusu dakika tu nione kama inacheza. Kengele ya mlango ikalia, na mimi nikalia pia, pale pale staffroom, mbele ya vitabu vya kusahihisha. Ilikuwa kama Baba yuko kando ya hiyo kompyuta na waya wake. Nikaifunga haraka. Niliapa sitaangalia zaidi mpaka niwe na Mama.

Basi leo, baada ya kanisa, ndiyo ilikuwa siku. Nilimwambia binamu yangu kwa siri. Binamu akatangaza kanisani. "Leo ng'ombe ya Alhamisi inapatikana!" Wote waliobaki wa zile Alhamisi wakaja nyumbani kwa Mama. Mzee Odoyo, ambaye haendi hata kliniki bila kubembelezwa, alipanda boda kutoka Rodi Kopany, amevaa koti. Pasta akaja. Tukafunika madirisha na mlango kwa blanketi, tukatundika shuka ukutani, mabati yanachoma juu, watu jasho tupu.

Projekta niliazima shuleni, na anayeijua ni mume wangu. Sasa, mnajua kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima tupu. Hawakaribiani, hawataniani, na mambo ya mapenzi hayatajwi wote wawili wakiwa mahali pamoja. Mume wangu akakubali kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango, macho yakiwa kwa kompyuta. Mama akakaa mbele.

Ikaanza. Kengele. Kofia. Nyumba nzima ikapiga kelele kama vile aliyeingia ni jamaa yetu aliyepotea. Mama alishika mkono wangu akaufinya.

Mzungu akazungusha kofia. Akafungua mdomo. Safari hii hakushindwa. Akaweka kofia mezani, akapiga goti, na kwa Kiingereza ambacho leo ninakielewa vizuri sana akamwambia yule mama kwamba amempenda miaka yote hii na alikuwa anashindwa kusema.



"Anasema nini?" Mzee Odoyo akauliza. "Ameiona?"

Kabla sijajibu, yule mama akamwinua Mzungu kwa kola ya koti, akambusu. Na hakuharakisha!

"Zima!" nikapiga kelele. "Baba Achieng', zima!"

Mume wangu akabonyeza. Hakuzima. Alisimamisha. Busu likaganda ukutani, kubwa kama kitanda. Akabonyeza tena, kompyuta nayo ikagoma. Nikamwona anatazama shuka, anatazama kisogo cha Mama, halafu akapita mlangoni na blanketi likaenda naye.

Nikaruka mbele ya shuka kulificha, na busu likahamia kwenye gauni langu. Pua ya Mzungu kifuani. Pasta akafumba macho, nadhani anaomba.

"Dhiang' ni kanye?" Mzee Odoyo akauliza kwa sauti, na ni swali la haki kabisa. Ng'ombe yuko wapi?

Ndipo nikasikia Mama anacheka. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Mama, kwani ulijua?"

"Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Hiki na kile nilikuwa nasikia."

"Sasa mbona Baba alisema ng'ombe?"

"Na mama yangu alikuwa amekaa pale mlangoni kila Alhamisi! Mkwe wake angesema nini mbele yake? Ati mapenzi?" Akajipangusa macho. "Kila Alhamisi nilikuwa nangoja tu nione baba yako atajitoa vipi. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yangu."

Kicheko kikaisha. Akaangalia pale kando ya shuka, mahali ambapo mtu angesimama na waya.

"Na hii ya leo," akasema polepole, "sijui angeisemaje. Ningependa kusikia. Wewe ni mtoto wake. Hebu sema."

Nikasogea kando, nikasimama kama yeye, nikainua mkono mmoja. Nimefundisha watoto miaka kumi na tano na sauti haijawahi kunikataa. Leo ilinikataa mbele ya kijiji kizima. Nililia kwa kwikwi, kamasi na yote, na wazungu wawili bado wamekumbatiana begani mwangu.

"Anasema..." nikajaribu. "Anasema ng'ombe imepatikana. Ilikuwa nyuma ya hoteli, na imenona. Sasa wanashukuru."

"Wanashukuru kabisa!" akasema Mzee Odoyo, akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga, na Mama alipiga kuliko wote huku machozi yanamtoka.

Kwa hivyo tafadhali, kesho tukikutana Rangwe mtu asinicheke. Na yeyote atakayemwona mume wangu, amwambie ng'ombe amepatikana, arudi nyumbani.