Sita, Kama Kawaida

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo, na kwa kuwa daktari amesema moyo wangu umebakiza safari fupi, naliandika. Ile "Sita!" ninayoita kila asubuhi kwenye chumba cha boila haitoki kwenye geji ya presha. Geji siisomi. Nasikiliza kichomeo cha moto wa boila. Kinanguruma, kinanguruma, kisha presha ikifika sita kinajizima chenyewe: ta! Hapo nanyoosha shingo kuelekea geji, nakunja uso kisomi, naita. Binti yangu anafungua mvuke, wapiga pasi wanaanza, mashuka ya hoteli yananyooka. Bila sita yangu hakuna anayegusa vali. Ndiyo desturi ya kiwanda chetu cha kufulia tangu nilipokianzisha.

Kwa nini siisomi? Fundi aliyekomaa hana haja ya kutazama. Tuishie hapo.

Msiba wa leo: binti yangu kanipiga marufuku kushuka boila. Anasema zile ngazi zitaniua. Atanunua geji mpya, yenye kutoa ishara ya umeme, ili presha isomeke ofisini, mezani pake. Nami nilale. Nilale! Mtu akilala mchana kutwa katika nyumba hii watu huanza kunong'ona mlangoni. Kile kiti cha boila ndicho pekee kinachonitofautisha na marehemu.

Ila ameniomba ushauri. Geji itoe ishara ya aina gani? Mimi ndiye mtaalamu, anasema.

Lo! Kamkabidhi fisi bucha.

Jumanne, 4 Machi

Njama imeiva kabla ya chai. Ishara ya volti, sifuri hadi kumi, ni nzuri kwa waya mfupi. Waya wetu si mfupi. Utatoka boila, upite nyuma ya mashine za kukamulia nguo, zenye mota kubwa kama ng'ombe, ndipo ufike ofisini. Volti itaokota kila kelele ya umeme ya njiani. Namba zitacheza ngoma. Nitarudishwa kitini kwa heshima zote.

Nikamwambia: volti, mwanangu. Volti tu. Akaandika.

Mchana akaja shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Maisha yake yote aliuza vipuri, hakuwahi kufunga hata kimoja. Hutembelea wagonjwa saa ya chakula. Akasema siku hizi watu wanafunga geji isiyo na waya, namba inaruka hewani mpaka kwenye simu. Nikamuuliza itaruka vipi kuta za zege na matangi ya chuma. Akasema mawimbi hayana adabu, hupita popote. Akala sahani mbili. Alipokuwa anaondoka alichungulia daftari hili, akacheka: shemeji, mbona herufi kama maharage, umerudi chekechea? Nikamwambia ni kalamu. Kalamu nene. Yamhusu nini!

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme kaja kufunga. Mwanamke kijana, bisibisi sikioni. Kasema geji hii inaweza kutoa ishara ya volti au ya mkondo wa umeme, unachagua kwa kiswichi kidogo nyuma. Akauliza kama nina hakika na volti, maana ameona mota zile. Nikamjibu nilikuwa nafunga geji kabla mama yake hajazaliwa. Akasema haya, babu. Akafunga volti.

Hakubishana. Sikupenda alivyotabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI!

Mashine za kukamulia zilipowashwa, ofisini ikasomeka sita. Kisha tisa. Mbili. Tisa. Binti yangu akashuka boila mbio, akapanda, akashuka tena, mpaka kiatu kikakatika kamba. Mwishowe akasimama mlangoni kwangu, peku, anahema. Baba, tafadhali.

Wapiga pasi wawili wakanibeba na kiti changu kama bwana harusi. Kichomeo kikanguruma. Ta! Sita! Wakapiga makofi. Nimelala usingizi mzuri kuliko wa mwezi mzima.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi umechacha. Shemeji kamwambia binti yangu kwamba hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua volti na mota havikai nyumba moja. Mzee kichwa kimechoka, kasema, tumwombee. Basi binti yangu sasa ananisemesha polepole, kwa sauti ya juu. Ameniuliza leo ni siku gani. Amenikatia nyama vipande vidogo vidogo. Shemeji mkabala wangu anang'wafua mfupa mzima na kunitazama kwa huruma.

Kufa naweza kuvumilia. Kuhurumiwa na muuza vipuri, hapana!

Nikapiga meza. Nikasema yote. Kwamba sehemu kama yetu hutaka ishara ya mkondo, miliampia nne hadi ishirini. Volti hupungukiwa njiani na kuokota takataka. Mkondo unaotoka boila ndio huohuo unaofika ofisini. Na kwa nini ianzie nne, si sifuri? Kwa sababu presha ikiwa hakuna kabisa, waya bado una nne zake. Ukishuka hadi sifuri, jua waya wenyewe umekatika, na kisanduku cha namba kule ofisini kitasema hivyo badala ya kubuni namba. Kitu pekee duniani, nikasema, kinachotangaza kifo chake chenyewe bila kumsumbua daktari!

Shemeji akaacha kutafuna. Binti yangu akauliza mbona basi nilimwambia volti. Nikasema nilikuwa nampima.

Fundi kaitwa. Kageuza kiswichi nyuma ya geji, kaweka kisanduku cha mkondo ofisini. Mashine zote zikawashwa. Namba ikatulia kama maji ya mtungi. Binti yangu akanibusu utosini, akasema Baba, bado una akili kutuzidi sote. Kisha akasema kwa kuwa sasa geji inafanya kazi ajabu, kiti cha boila atakipeleka mapokezi, wakikalie wateja.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumatano, 12 Machi

Zawadi! Kumbe mkondo ule ule unaweza kupita kwenye kisanduku zaidi ya kimoja. Nilimfundisha mwenyewe, mdomo wangu huu. Basi unapita ofisini, unakuja chumbani kwangu, unarudi. Mbele ya kitanda kumetundikwa kisanduku chenye namba nyekundu, kubwa kama kiganja. Binti yangu kasema desturi haifi: kila asubuhi atanipigia simu, mimi nitaita, ndipo afungue mvuke. Akatokwa na machozi. Nami nikatokwa na machozi, kwa sababu nyingine.

Chumbani kichomeo hakisikiki.

Simu ikalia. Baba, ngapi? Nikasema sita. Ikawa sita. Huwa sita siku zote, kwa nini nijitese? Na vali ya usalama ipo, presha ikizidi itafoka yenyewe. Nimejituliza hivyo. Sikutulia sana.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu.

Shemeji alitafuta pa kutundika koti. Akaona waya. Ukachomoka. Ofisini badala ya namba vikatokea vistari vitatu. Binti yangu akanipigia kuuliza kwangu inasoma ngapi.

Nikasema sita.

Akauliza kama nina hakika. Nikasema imetulia barabara, namba safi, inang'aa. Akaja. Akasimama mlangoni. Akasema taratibu kwamba vistari vile vile viko mbele ya pua yangu. Nikasema ni jua la dirishani. Akasema dirisha limefungwa. Nikasema ndiyo maana, chumba kina giza.

Waya ulikatika, ukasema umekatika. Mimi nikasema sita.

Hakunigombeza, afadhali angegomba. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema wale wapiga pasi wanaweka mikono yao jirani na mvuke kwa neno langu, na kuanzia sasa atasoma mwenyewe. Akauliza ninaficha nini. Nikasema usingizi. Akashika mkono wangu, nikaapa sitadanganya tena katika umri wangu uliobaki. Niliapa kwa moyo mmoja. Umri uliobaki si mrefu, nikaona linawezekana.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi kaja kurudishia waya. Nikamwita chumbani, nikamwomba afunge mlango. Nikamuuliza kama geji ile haina pia swichi ndani yake, ya kujifunga presha ikifika pale unapotaka. Akasema inayo, wala haijatumika. Vizuri! Nikamwomba aiunganishe na kengele ndogo, chini ya godoro. Ikifika sita ilie, nami nipige "Sita!" kwa simu kabla binti yangu hajafumbua mdomo. Atashangaa. Atanirudishia kazi. Na safari hii itakuwa sita ya kweli, kwa hiyo si uongo. Ila asimwambie mtu.

Akatazama namba nyekundu ukutani. Akanitazama mimi. Akauliza kengele ya nini, babu, na namba kubwa kama kiganja ziko hapo mbele yako?

Nikasema napenda muziki.

Akaanza kufunga mkoba wake. Nikamwambia ngoja. Akangoja. Nikamwambia sioni, mwanangu. Namba zile kwangu ni kaa la moto ndani ya ukungu. Hata uso wako naukisia.

Akaweka mkoba chini. Akavuta kiti, akaniuliza kwa upole: tangu lini?

Nikasema tangu jana.

Kengele imefungwa. Inalia vizuri sana.

Tangu mwaka juzi.