Malalamiko kwa Mkwe wa Bondo Kuhusu Vimelea Visivyo na Adabu

Wamagana, Tetu
12 Mei

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Ogutu wa Bondo,

Nakuandikia nikiwa mtulivu. Mke wangu Wakiuru alinishauri nisubiri wiki moja. Nimesubiri siku nne.

Mjukuu wetu Gathoni alirudi huku kutoka likizo kwako akiwa mchangamfu. Siku ya tisa joto likampanda, kisha akashikwa na degedege, akalazwa siku sita. Sasa anakula. Mjukuu wako Samuel, aliyelala naye chumba kimoja, aliugua wiki hiyo hiyo, na siku ya tatu alikuwa akicheza mpira.

Daktari Mwende, aliyemtibu Gathoni, alinieleza kwamba vimelea vya malaria havifanani. Vingine vina jeni zinazofanya chembe za damu zinate kwenye mishipa, hata ile ya ubongo. Alikuwa na sehemu ya pili, kuhusu watoto wa huku kwenye baridi ambao miili yao haijazoea malaria, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja.

Basi nalalamika hivi:

1. Boma lako linafuga vimelea vya koo mbili, na mgeni akapewa ule ukoo mkali. Ukija kwetu tunakuchinjia mbuzi. Hatukutumi wewe ukamkamate yule anayepiga pembe.

2. Daktari asema vimelea hivyo hubadilisha koti kila mara askari wa mwili wanapokaribia kuvitambua. Huku Nyeri koti ni la baridi. Anayevaa koti Bondo, kwenye jua lile, ana nia mbaya.

3. Naomba upange mbu foleni langoni, kila mmoja na cheti cha tabia njema, kama kile polisi humpa anayetafuta kazi. Asiye nacho arudi ziwani.

4. Ikishindikana, wahamishiwe Timau miezi mitatu. Baridi ya kule haijali ukoo wa mtu.

Mpaka hayo yatimie, Gathoni hatakanyaga Bondo.

Msalimie mama watoto, Samuel na majirani wote, hata yule mwenye redio. Wakiuru anawatumia gunia la viazi.

Wako katika ukwe na sayansi,
Mwalimu mstaafu Theuri

Baada ya sahihi: Wakiuru ameisoma barua hii na kuniamuru niongeze jambo. Joto lilipoanza nilikupigia simu, ukapaza sauti: “Mkwe, hiyo ni homa! Kimbia hospitali!” Huku kwetu homa ni mafua; kwenu, kumbe, ni malaria. Nilicheka, nikamnywesha Gathoni maji ya tangawizi siku mbili. Samuel ulimpeleka kupimwa siku ile ile joto lilipompanda. Daktari asema siku mbili zile zingekitosha kimelea chochote, hata chenye adabu, kumletea mtoto degedege. Nisamehe. Agosti nitamleta mwenyewe, na akipata joto nitanyamaza, useme wewe.