Kadi ya Kompyuta Iliyopandishwa Bwesumbu Kujaribiwa

Ofisi ya Hajji Siraje,
Bwera.
Alhamisi, baada ya adhuhuri.

Kwa Hajjati Ramula,
Katibu, Chama cha Wasafirishaji wa Mizigo,
Kasese.

Mama Hajjati, assalamu aleikum.

Kabla hujafika mstari wa tatu, nakuomba uinuke ukafunge mlango. Kama kuna mtu ofisini kwako, hata kama ni mgeni asiyejua kusoma, mtume akakuletee maji, na yawe ya mbali. Maneno ya barua hii ni ya macho yako peke yako. Usiyasome kwa sauti, usimsimulie mumeo, na ukimaliza uifiche barua mahali ambapo hata wewe mwenyewe utapata taabu kupakumbuka. Hajji Siraje akijua kwamba karani wake amemshtaki kwa chama, sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

KUHUSU: OMBI LA CHAMA KUTAMKA KWAMBA KADI YA KOMPYUTA SI KIPURI CHA LORI

Mimi ni Shafik, yule kijana wa Karusandara uliyemwombea kazi kwa Hajji mwaka jana. Uliniambia niwe mwangalifu, nami nimekuwa mwangalifu mpaka usingizi umepungua. Kazi yangu ni kuandika hati za mizigo inayovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Beni na Butembo, Kongo. Hati hizo huchapwa na printa ya zamani, ile inayogonga karatasi kwa sindano na kulia kama mahindi yanayokaangwa. Hajji hataki nyingine. Madereva wake husubiri nje, na hawawashi injini mpaka wausikie mlio huo. Aliwahi kuleta printa mpya isiyo na sauti, na lori tatu zikakaa uwanjani kutwa nzima huku hati zao ziko tayari mezani, kwa sababu hakuna dereva aliyeamini.

Kompyuta yetu ni mpya na haina tundu la printa ya umri ule. Kwa hiyo ndani yake imechomekwa kadi, kibao cha kijani kinachoenea kiganjani, ambacho kazi yake yote duniani ni kuiunganisha kompyuta na printa. Jumatatu asubuhi printa ilinyamaza. Kompyuta ikaandika kwamba haioni kadi yoyote.

Nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni. Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma kwanza ili umeme wa mwilini mwangu usiiunguze kadi. Nikaitoa. Nikaitazama pande zote mbili kama ina alama ya kuungua, sikuona. Nikayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Kompyuta ikasema vilevile. Ndipo nilipokosea, kwa maana nilibandika karatasi juu ya kompyuta: "Kadi inashukiwa kuharibika."

Hajji aliisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Inashukiwa na nani?"

Nikasema, "Na mimi, Hajji."

"Basi na mimi nashuku. Kitu kinakufa chenyewe, ama kinauawa. Na humu ndani mwenye kukigusa ni wewe peke yako. Ijumaa tukitoka msikitini nitakaa na madereva tuamue. Kama kimeuawa, utarudi kwenu kulima."

Mama Hajjati, sina ubaya na kilimo. Lakini mama yangu amekwisha kuwaambia watu wote wa Karusandara kwamba mwanawe ndiye anayefungua mpaka kila asubuhi. Amewaambia hata kanisani, na sisi si watu wa kanisa. Kesho ndiyo Ijumaa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba kadi ilinyang'anywa kutoka mikononi mwa karani na kukabidhiwa dereva. Dereva mwenyewe ni Mzee Magidu, mkubwa wa madereva wetu, ambaye ameendesha Fuso miaka mingi kuliko niliyoishi. Aliinusa. Akaiweka sikioni. Kisha akayalamba meno ya kadi, kama mtu anayeonja betri ya tochi, akafumba macho, akawageukia wenzake: "Haijakufa hii. Iko tu na uchovu." Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi mwenye cheti hakuna aliyeniuliza.

2. Kwamba aliiosha kwa mswaki na petroli, kama anavyoosha plagi, akaianika juu ya boneti. Nilipinga kwa adabu. Kwa ajili ya ukweli, meno yaling'aa kuliko nilivyoyang'arisha kwa kifutio, lakini hilo lisitajwe kesho.

3. Kwamba nililazimishwa kuifungulia kadi daftari la gari. Mzee Magidu aliniuliza imetembea kilomita ngapi. Nikamweleza kwamba kadi haitembei, inakaa palepale tangu ifungwe. Akanitazama kwa huruma: "Haijatembea hata kidogo, na wewe unauliza kwa nini iko mgonjwa?" Nikaandika kama alivyosema. Kilomita: sifuri. Mzigo mkubwa iliowahi kuvuta: karatasi nne kwa mpigo. Ajali: hakuna. Dereva wa mwisho: Shafik. Hilo la mwisho nililiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi, na nimesikia kwamba ndilo litakalosomwa kwanza kesho.

4. Kwamba ofisi yangu imekuwa wodi. Magodoro ya Bwana Célestin, mfanyabiashara wa Butembo, yamekaa ndani ya lori tangu Jumatatu yakingoja hati. Yeye ameshusha godoro moja katika mzigo wake mwenyewe, akalitandika miguuni pa kompyuta, na hapo ndipo anapokaa. Kila nikipita ananishika suruali. "Mutoto, batu ya Butembo beko banalala chini juu ya kosa yako. Hiyo karte iko mugonjwa ama iko na hasira?" Nikamwambia bado tunachunguza. "Munachunguza! Kwetu mutu anaichapa kofi moja, inaamuka." Siku ya pili aliichapa kompyuta kofi. Siku ya tatu aliifunika blanketi, kwa kuwa aliona inatetemeka. Nilimweleza kwamba ni feni yake inazunguka. Akasema, "Ndiyo vile, iko na baridi, na wewe unaiwekea tena feni." Mzee Magidu yeye anasema kompyuta ina joto. Wamepatana kwamba asubuhi ivae blanketi na mchana ivuliwe, na kazi ya kuivika na kuivua nimepewa mimi.

5. Kwamba kadi imepandishwa mlimani. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome polepole.

Katika uwanja wa Hajji kuna desturi ya tangu zamani: hakuna kipuri kinachotangazwa kimekufa mpaka kifungwe kwenye gari jingine na kujaribiwa kwenye mlima. Kikivuta huko, ni kizima. Kisipovuta, kinatupwa bila mtu kulaumiwa. Jana asubuhi Mzee Magidu alitangaza kwamba kadi itapanda Bwesumbu. Nikasema, Mzee, mlima utaijaribu vipi kadi? Akasema, "Kwani wewe ukitaka kujua mtu ana pumzi unamkalisha kwenye kiti?"

Kadi ikafungwa kwenye dashibodi ya Fuso kwa mpira wa tairi la ndani. Fuso ikapakiwa mifuko ishirini ya saruji, kwa maelezo kwamba kipimo bila mzigo si kipimo. Wakafika langoni. Langoni yuko askari wetu, mwanajeshi mstaafu, ambaye hata Hajji humwita Afande. Akainua mkono. "Simama! Saruji karatasi yake nimeona, ya zamani lakini nimeona. Na hiyo ya kijani? Karatasi iko wapi?"

Mama Hajjati, Afande alikuwa sahihi. Hakuna kitu kinachotoka uwanjani bila hati ya mzigo, na Hajji amekataza hati za mkono. Hati huchapwa na printa. Printa haichapi bila kadi. Kadi inakwenda kutibiwa ili ichape. Ili iende kutibiwa inahitaji hati ambayo haiwezi kuchapwa mpaka ipone. Tulisimama pale langoni kuanzia saa tatu hadi saa sita, watu wazima, tukilizunguka jambo hilo kwa maneno. Bwana Célestin alikuja na godoro lake akakaa tena. Hajji alipigiwa simu akasema sheria ni yake na hawezi kuivunja yeye mwenyewe.

Aliyetuokoa ni Afande. Alisema mzigo unahitaji hati lakini abiria hahitaji. Basi kadi ikafunguliwa kwenye dashibodi, ikakalishwa kwenye kiti cha abiria, ikafungwa mkanda. Afande akachukua daftari la lango, akauliza abiria anaitwa nani na anatoka wapi. Nikasema, "Afande, hiyo ni kadi." Akaandika: Kadi, wa Bwera. Akauliza kabila. Nikamwomba aruke hapo.

6. Kwamba tangu jana napigiwa simu za hali ya mgonjwa. "Karani, tumepita Kasese, imetulia." "Karani, tuko Maliba, haijatapika." Nami najibu asante Mzee, na kuandika saa katika daftari, kwa sababu Hajji amesimama nyuma yangu.

Kwa hayo yote naomba chama kifanye mambo matatu. Kwanza, kitamke kwa maandishi kwamba kadi ya kompyuta si kipuri, si abiria wala si mgonjwa, na kwamba mlima hauhusiki na kadi. Pili, kimkataze dereva yeyote, hata awe mkubwa wa madereva, kuchunguza kitu kisicho na magurudumu. Tatu, kama hayo mawili ni mazito, basi kitoe cheti chenye muhuri kwamba kadi hii imekufa yenyewe, usingizini, bila kuguswa, na kwamba karani alikuwa mbali. Cheti kinifikie kabla ya sala ya Ijumaa. Nimekuachia nafasi ya muhuri chini ya karatasi hii ili usipoteze muda.

Nakuomba uwasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na jirani yako yule aliyenipa mkeka siku ya usaili. Wasalimie bila kusema salamu zimetoka kwa nani. Mungu akuweke, akuzidishie subira kuliko aliyonipa mimi.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Shafik,
Karani (mpaka kesho).

N.B. Mama Hajjati, leo ni Jumamosi ya wiki iliyofuata. Barua hii ilibaki mfukoni mwangu, na mambo yamekwenda mbele bila yake. Tafadhali usipige muhuri popote.

Alhamisi ileile jioni Mzee Magidu alifika Bwesumbu. Kwa kuwa desturi inataka kipuri kifungwe kwenye gari jingine, na gari la kadi ni kompyuta, alimwendea Mama Vasta, mtunza ghala la kahawa, ambaye ana kompyuta kuukuu na printa ya sindano kama yetu. Wakaichomeka kadi humo. Nilipigiwa simu, nikadhani ni taarifa ya kifo. Badala yake nikasikia ule mlio, mahindi yanayokaangwa, na madereva wakishangilia nyuma yake. Risiti ya kahawa ilitoka safi.

Nilikaa chini. Kadi ikichapa katika kompyuta nyingine, basi kadi ni nzima, na ugonjwa uko katika kompyuta ilikotolewa. Hicho ndicho kipimo nilichofundishwa chuoni na sikukifanya, kwa sababu hapa Bwera hatuna kompyuta ya pili. Huenda Jumatatu kadi ilikuwa na vumbi tu. Lakini nimekuandikia hapo juu kwamba niliirudisha, sikukuandikia jinsi nilivyoirudisha. Ilikataa kuingia. Madereva walikuwa wananiangalia dirishani, nikaisukuma kwa goti. Kitu kikalia ka! ndani ya kompyuta. Nilijiambia ni kadi imekaa vizuri. Usiku ule niliifungua kompyuta yetu nikatazama kwa tochi: tundu la kuchomekea limepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyelipasua ni mimi.

Kesho yake, Ijumaa, tulikaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini Hajji alitangulia, uso umejaa furaha: "Kumbe ilikuwa inataka baridi! Bwera imeizidi joto! Shafik, ni kweli ama si kweli, wewe msomi?"

Wote wakanigeukia. Mama Hajjati, nilisema, "Ni kweli, Hajji. Hata vitabuni imo."

Basi ofisi ya hati imehamia Bwesumbu, na mimi nimehamia nayo. Lori ya kwenda Kongo sasa inaondoka Bwera, inapita Kasese, inapita Maliba, inapanda huku kuchukua karatasi, kisha inarudi njia ileile mpaka Mpondwe. Bwana Célestin amevuka jana na ameniita docteur, yaani daktari. Mama yangu ameambiwa kwamba nimepandishwa cheo, na kwa mwinuko wa mahali ni kweli.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote sita. Naomba chama kifanye jambo moja tu: kimwandikie Hajji kwamba wataalamu wamethibitisha kuwa kadi ya kompyuta huishi vizuri mlimani, kwenye ukungu. Mzee Magidu anaweza kutajwa kama mtaalamu wa kwanza. Anastahili.

Ukitaka kunipata usipige simu, kwa maana huku mtandao huja na kuondoka kama mvua. Panda gari mpaka kituo cha biashara, uliza ghala la Mama Vasta, useme umeleta kahawa. Akiuliza ni kavu ama ni mbichi, mjibu ni ya Shafik. Mimi nakaa nyuma ya mizani, kwenye meza ya pili. Na ukifika ukamkuta Hajji amekuja kututembelea, tafadhali vaa sweta kabla hujaingia, na utetemeke kidogo.