Wingu Chini ya Ngazi

Jumatatu, 3 Juni

Mdomo umeniponza. Daktari Mkuu amerudi kutoka semina na neno moja tu kinywani: wingu. Kliniki zote za macho zinazojiheshimu, amesema, zimeshahamishia kumbukumbu za wagonjwa kwenye wingu, sisi bado tunapekua mafaili kama panya. Akauliza nani analijua hilo wingu. Nikamwona Fundi wa Miwani anaanza kunyanyua mkono. Yule mama! Miaka kumi na mmoja mimi ndiye mtunza kumbukumbu hapa, yeye kazi yake kuchonga vioo, halafu aje aninyang'anye wingu? Mkono wangu ukatangulia.

Fundi hakuchelewa. Akaomba niwaeleze wenzangu wingu ni nini. Nikasema ni mahali ambapo kumbukumbu hukaa juu. Akauliza juu wapi. Nikasema juu zaidi. Daktari Mkuu akataka kujua kama masika yatalisumbua. Nikamwambia mvua za kawaida hazina neno. Wote wakaandika. Fundi hakuandika, alinitazama tu kwa juu ya miwani yake.

Amri: tuanze na wagonjwa wa presha ya macho, na hao waishe Ijumaa. Jumatatu ijayo anakuja daktari mpasuaji mgeni kuchagua kati yao wa kufanyiwa upasuaji. Anataka vipimo vya miaka miwili vya kila mgonjwa. Asiye na vipimo atasubiri safari ijayo, miezi minane.

Na mmoja wa wagonjwa hao ni nani? Mama mkwe wangu! Anakaa kwetu tangu Januari. Jicho lake la kushoto linafifia. Miezi minane hana. Ameniuliza kama faili lake liko salama. Nimemwambia, Mama, tulia. 

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu, jirani yetu, mstaafu wa hesabu. Nikajifanya nauliza kwa ajili ya rafiki. Akacheka hadi akakohoa. Hakuna wingu lolote, amesema. Ni kompyuta za watu wengine, zimejazwa kwenye majumba makubwa huko mbali, unazitumia kupitia mtandao kwa kadiri ya haja yako. Kama maji ya bomba: unafungua, unachota, unafunga, wala huna habari pampu iko wapi. Haya! Na mimi niliyewaambia liko juu!

Nikamuuliza kwa nini watu wanaziamini kompyuta wasizoziona. Akasema kwa sababu ya hesabu. Chukua kompyuta moja yenye nafasi moja katika mia ya kufa leo. Weka nakala kwenye mbili. Ili upoteze kitu, lazima zife zote mbili: mia mara mia, nafasi moja katika elfu kumi. Weka kwenye tatu: nafasi moja katika milioni! Nilisimama. Nafasi moja katika milioni! Mwalimu akainua kidole, akasema ni kwa sharti moja, lakini wakati huo huo Mama akaniita kutoka dirishani, na Mama akiita huwa sisubiri sharti la mtu.

Fomu ya kampuni ya wingu la kweli ninayo mezani tangu asubuhi. Inatisha. Inauliza kumbukumbu zikae eneo gani. Inauliza nakala ngapi. Halafu inauliza msimamizi wa pili ni nani. Wa pili! Leo msimamizi wa pili, kesho mimi ndiye wa pili, keshokutwa niko nje ya geti na mafaili yangu kwapani. Nimeitia fomu kwenye droo.

Nimekata shauri. Nitajenga wingu langu mwenyewe. Stoo ya chini ya ngazi ina kompyuta tatu kuukuu ambazo hakuna anayezikumbuka. Siku milioni moja ni miaka elfu mbili na mia saba na ushei. Nitakuwa nimeshastaafu.

Jumatano, 5 Juni

Wingu linaunguruma. Nimezipanga zote tatu moja juu ya nyingine, maana stoo ni nyembamba. Naingiza vipimo tangu saa mbili asubuhi. Nimechukua hata kadi ya Mama ya nyumbani, ile ndogo ambayo kila mgonjwa hupewa ajiwekee, nilinganishe tarakimu. Hakuna atakayesema sikumjali mama mkwe.

Fundi amepita, akauliza wingu liko wapi. Nikaonyesha dari. Akauliza mbona linaunguruma chini ya ngazi. Nikasema hilo ni friji bovu la dawa za matone. Akaitikia ahaa, ile ahaa ndefu ya mtu asiyeamini.

Mchana, vipimo vyote vikiwa vimeingia kompyuta ya kwanza, nimemwambia Daktari Mkuu kwamba mwenye wingu hahitaji karatasi. Akafurahi, akasaini. Fundi akaomba tungoje mpaka mpasuaji apite. Nikasema kuna watu wanaogopa maendeleo. Watu wakacheka, akarudi kwenye vioo vyake. Raha iliyoje! Kufikia saa tisa magunia manne ya mafaili ya wagonjwa wa presha yamechukuliwa na gari la kiwanda cha kusaga karatasi.

Ila nilipoliona gari linakata kona, nikatamani kulikimbilia. Sijui kwa nini. Moja katika milioni, nikajikumbusha. Moja katika milioni.

Ijumaa, 7 Juni

Yarabi. Yarabi toba.

Nilimaliza kunakili mgonjwa wa mwisho kwenye kompyuta ya tatu saa nne na nusu, wa arobaini na mbili. Nikafunga stoo, nikapanda ngazi mbio kumpa Daktari Mkuu habari njema. Mhudumu wa usafi alikuwa ameweka ndoo yake kwenye ngazi ya tano. Mguu wangu ukaipiga. Ngazi zenyewe za mbao, zina nyufa za kupitisha kidole. Nikasikia maji yanakwenda chini. Nikasikia chwii. Halafu chwii nyingine. Halafu ya tatu, na mngurumo ukanyamaza.

Ndoo moja! Si tetemeko, si gharika. Ndoo moja ya maji ya sabuni.

Nimeingia stoo, nimezifuta kwa shati langu, nimezibembeleza, nimeziombea dua. Wapi! Zote tatu kimya kama makaburi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yamemwagikia kumbukumbu za watu arobaini na wawili. Nikamwendea Daktari Mkuu nimefunga koti juu ya fulana. Akauliza wingu linaendeleaje. Nikasema limetulia sana.

Nyumbani Mama ameniombea dua mezani. Amesema macho yake yako mikononi mwa mkwe wake, na mkwe wake ni mtu makini. Mke wangu akanitazama akauliza mbona sili. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema: naogopa mpaka meno yananiuma.

Jumamosi, 8 Juni

Alfajiri niko mlangoni kwa Mwalimu, kuuliza lile sharti. Akaniambia taratibu, huku anakoroga chai: zile mia huzidishwa iwapo tu kompyuta hazifi kwa sababu moja. Zikiwa chumba kimoja, umeme mmoja, moto mmoja, hujaweka nakala tatu, umeweka moja iliyonenepa. Ndiyo maana wenye mawingu ya kweli huziweka miji mbalimbali. Akaniuliza rafiki yangu aliziweka wapi. Nikasema sina uhakika. Akaniuliza rafiki yangu shati lake liko wapi, maana jana alimwona akirudi bila shati. Nikaondoka.

Kliniki hufunguliwa nusu siku. Nikamkuta Fundi amesimama mbele ya stoo. Mchirizi wa sabuni umetoka chini ya mlango, umekauka sakafuni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alinyoosha mkono tu nimpe ufunguo, akafungua, akatazama, akafunga. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kaka, umemwambia nani? Nikasema hakuna.

Akachukua daftari la miadi na simu. Akaanza kuwapigia wagonjwa mmoja mmoja, kila mmoja aje Jumatatu na ile kadi yake ndogo ya nyumbani. Kila kadi ina vipimo vyote. Kumbe vipimo vilikuwa vimelala salama kwenye makabati na mikoba ya nyumba arobaini na mbili siku zote hizi! Nikakaa kiti cha pili, nikapiga nusu ya simu. Sauti yangu ilikuwa inakatika, mzee mmoja akaniuliza kama kuna msiba. Tulipomaliza nikaona mambo yamekaa sawa, na kusema kweli nikaanza kujiona nilifanya vizuri kuwa mtulivu.

Halafu nimerudi nyumbani, Mama akaniambia, mkwe, nipe kadi yangu niiweke kwenye mkoba wa Jumatatu.

Kadi yake. Niliichukua Jumatano. Niliiweka juu ya faili lake. Faili liliingia kwenye gunia.

Nikasema iko kazini. Nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka mke wangu akagonga.

Jumapili, 9 Juni

Mficha uchi hazai. Nimepiga moyo konde, nimemwambia mke wangu kila kitu. Alilia kwanza. Halafu akanipa maneno ambayo daftari hili halitayabeba. Halafu akaleta simu yake.

Mama ana tabia yake. Akitoka kupimwa, humtumia bintiye ujumbe wenye tarakimu moja tu. Leo macho 41. Leo macho 42. Hujumlisha presha ya kulia na ya kushoto! Anasema Mungu alimpa macho yote mawili siku moja, hawezi kuyatenganisha. Safari saba, jumbe saba. Lakini jumla itatusaidia nini? Mpasuaji anataka kila jicho peke yake.

Nikampigia Fundi, nikitegemea anitukane. Akafikiri kidogo, akasema ngoja. Miaka miwili hii amekuwa akimtengenezea Mama kioo cha jicho la kulia, na yeye huandika kila kitu: kila safari alinakili presha ya jicho hilo pembeni mwa daftari lake la vioo. La kulia tu. La kushoto hana.

Nikabeba tarakimu zote hadi kwa Mwalimu, akapiga paja lake. Hili ndilo hasa, akasema, wingu la kweli hufanya hivi hivi! Kuweka nakala nzima nzima kila mahali ni anasa. Huweka kitu cha kwanza chumba hiki, cha pili chumba kile, na jumla yao chumba cha tatu. Kipotee chochote kimoja, viwili vilivyobaki vinakirudisha. Akanipa kalamu, akakataa kunisaidia. Arobaini na moja ya jumla toa kumi na nane ya kulia, ishirini na tatu ya kushoto. Nikaendelea hivyo mpaka safari ya saba: arobaini na tisa toa kumi na nane. Thelathini na moja!

Kipimo cha jicho moja kikizidi ishirini na moja ni hatari. Nilikuwa na karatasi mkononi, jicho la kushoto la mama mkwe wangu linapanda safari hadi safari, na mimi ndiye niliyelisaga. Nimelia mbele ya Mwalimu. Alinisogezea kikombe.

Jumatatu, 10 Juni

Wamekuja wote arobaini na wawili. Kadi ndani ya vitambaa, ndani ya mifuko ya nailoni, moja ndani ya kiatu. Mpasuaji akazisoma moja moja. Alipofika kwenye karatasi ya Mama, yenye mwandiko wangu wa kutetemeka, akauliza vipimo hivi vimetoka wapi.  Fundi akamweleza, bila kupunguza wala kuongeza, na akamwonyesha daftari lake na simu ya mke wangu. Mpasuaji akapiga hesabu ya kutoa mwenyewe, safari saba, akirudia kila jibu mara mbili. Akasema mama huyu atakuwa wa kwanza, kesho asubuhi. Wiki chache tu zaidi, akasema, tungekuwa tunazungumza mengine.

Daktari Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu. Amesikia yote. Ameniita ofisini saa nane.

Jumatano, 12 Juni

Jicho limepita kwenye kisu salama! Mama ana bandeji, anakula, anaamrisha. Anajua yote, bintiye amemwambia. Amenishika mkono akasema, mkwe, mtu makini huogopa kabla, si baada. Nikasema ndiyo Mama.

Barua ya onyo nimepewa. Kurasa mbili, sahihi tatu. Nilijua nitafukuzwa, nilishaanza kutoa vitu kwenye droo. Kumbe Fundi ndiye aliyenitetea! Amemwambia Daktari Mkuu kila mtu hukosea, niachiwe kazi yangu. Sijalala vizuri tangu niliposikia. Anataka nini yule mama? Mtu hakusaidii hivi hivi.

Ijumaa, 14 Juni

Wingu la kweli limefika. Fundi amejaza fomu kwa dakika kumi: nakala tatu, miji mitatu. Vipimo vyote vya zile kadi vimo, na kadi zimerudi kwa wenyewe. Mimi nimeachiwa usimamizi, kwa agizo moja: niweke neno la siri, niliandike kwenye karatasi mbili, nizitie kwenye bahasha mbili, moja kwa Daktari Mkuu, moja kwa Fundi.

Moja kwa Fundi! Ndiyo hiyo sasa. Nimemgundua.

Nimewapa bahasha zao, nimezibandika vizuri, na muhuri juu. Ndani kuna karatasi nyeupe tupu. Neno lenyewe lina herufi na tarakimu ishirini na mbili, nimelibuni mwenyewe, na haliko popote duniani isipokuwa kichwani mwangu. Hata hapa siliandiki. Nani atanifukuza sasa? Nimepiga na hesabu: kitu kilichoko mahali pamoja tu kina mlango mmoja tu wa kuibiwa, na mlango huo ni mimi. Mwalimu angejivunia.

Jumatatu saa tatu Mama anarudi kuangaliwa jicho, nami ndiye nitakayefungua kumbukumbu mbele ya mpasuaji kabla hajaondoka. Nina hofu kidogo, hofu ya kawaida tu. Nimelijaribu lile neno kichwani mara tatu tangu asubuhi. Mara mbili nimepatia.