Simba Thelathini na Sita wa Kanisa la Mtaa wa Juu

Jumatatu, 4 Agosti
Bwana Pandelis, mwenye karakana yetu ya samani, ametangaza leo: tuchore wote wawili viti vya kanisa la mtaa wa juu. Mwenye mchoro utakaopita ndiye mkuu wa chumba cha michoro. Wawili ni mimi na Evanthia. Yeye ana shahada, ameitundika juu ya meza kama picha ya mtakatifu. Mimi nilipaka vanishi miaka tisa karakana ya chini, nikajifunza kompyuta mwenyewe wenzangu wakilala mchana. Nani alinipongeza? Hakuna.

Kazi: viti 18 vya kuegemea, safu moja ukutani. Kimoja cha askofu, chenye simba wawili wa mbao miguuni. Kumi na saba vya waumini, bila pambo. Evanthia atavichora kimoja kimoja. Itamchukua saa nne na dakika kumi, nimempigia hesabu. Mimi nitachora kimoja tu.

Jumanne, 5 Agosti
Natengeneza kitu kinaitwa bloku: kipande cha mchoro chenye kamshale ka buluu pembeni. Ukivuta kamshale, safu inarefuka na viti vinajiongeza, kimoja kila sentimita 65. Hiyo ndiyo nia. Mara ya kwanza ubao wa nyuma ulirefuka, kiti kikabaki kimoja, kama mgeni aliyewahi harusini. Mara ya pili viti vilizaliana, vyote mahali pamoja. Evanthia akauliza, bila kugeuka, kama bado nacheza na mpira wangu wa kuvuta. Nikamwambia, bibie, wewe hangaika na vyako.

Jumatano, 6 Agosti
Imekubali! Saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilianza na kiti cha askofu, maana ndicho kigumu. Nikachagua vipande vyake vyote, nikaamuru virudiwe, nikavuta. Ukuta mita 11.7, gawa kwa 0.65: kumi na nane kamili. Sekunde saba.

Bwana Pandelis alikuja na kahawa yake ya barafu, akavuta mwenyewe hadi viti mia nne, akacheka mpaka akaimwaga. Akasema, Stergios, hivi ni viti au sungura? Mchoro wangu umepita. Evanthia akauliza kama nimeangalia ni vitu gani vinavyorudiwa. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Bloku inatoa na orodha ya vipande. Sikuigusa, nimeituma karakana ilivyo. Fundi wa mashine ya kuchonga amepiga simu kutoka chini: simba ni thelathini na sita kweli, kaka? Nikamwuliza, kumi na nane mara mbili ni ngapi? Akasema, thelathini na sita. Basi chonga. Watu wasiojua hesabu wanachosha.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumefunga viti kanisani. Vyote ni vya askofu.

Kwenye mchoro, ukitazama kutoka juu, simba ni kimraba tu. Nani angejua? Padri Anestis alishika kichwa: mwanangu, kesho sikukuu, askofu anakuja, atakaa kipi? Kung'oa haiwezekani, gundi imeshashika. Bwana Pandelis na Evanthia walihesabu simba wote, mmoja mmoja. Afadhali wangetukana.

Ijumaa, 15 Agosti
Wazee waliwahi kanisani saa kumi na mbili asubuhi, wakajaza viti vyote. Kila mmoja na simba wake wawili. Askofu alipoingia, alipita kwenye safu nzima, kumi na wanane wakainama kumbusu mkono, hakuna aliyepisha: kila mmoja aliamini kiti cha askofu ni cha jirani. Mzee Zisis alinong'ona kwamba amesimama kanisani miaka sabini, leo wamwache na wanyama wake. Askofu alisimama ibada nzima, kwa muda wa saa mbili na robo. Alitabasamu. Bwana Pandelis hakutabasamu.

Jumamosi, 16 Agosti
Evanthia ndiye mkuu. Mimi nimerudishwa kwenye vanishi. Sawa. Wakubwa hawapendi kasi.

Lakini asubuhi limekuja agizo la ukumbi wa halmashauri: kiti cha meya, chenye tai wa mbao mgongoni, na viti ishirini na sita vya madiwani, bila pambo. Evanthia kaanza kimoja kimoja, maskini. Alipokwenda kula, nilipanda juu, nikakaa kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nikaanza na cha meya, maana ndicho kigumu. Nikachagua vyote. Nikavuta: sekunde tisa, ishirini na saba kamili. Nimeshaituma karakana. Kesho kutwa watanirudisha wenyewe.

Na safari hii sina haraka. Nimekagua mara tatu: hakuna simba hata mmoja.