Kopo la Usingizi wa Mutua

Leo nimeaibika mbele ya wapangaji wa ploti nzima, na kabla hamjaanza kucheka, mjue mwenye makosa ni kinyozi.

Njoro, kinyozi wangu wa Tena, mtaa tuliohama leo, ndiye aliyeniambia kwamba usingizi wa mtoto hukaa chini ya kitanda chake, ndani ya vumbi. Mkihama bila hilo vumbi, usingizi unabaki kwa mpangaji atakayefuata. Mkilibeba, mbebaji asiseme neno mpaka alimwage chini ya kitanda kwenye nyumba mpya. Akisema tu, usingizi umetoroka. Nikaamini. Mimi! Mtu aliyesoma shule ya usiku miaka minne, akapata cheti, akakitia fremu! (Sayansi nilipita. Msiniulize kwa alama ngapi.)

Lakini mngekuwa mimi mngefanyaje? Mwanangu Mutua ana mwaka mmoja na nusu na hulala masaa matatu kwa usiku. Matatu! Hata mbwa wa mlinzi hulala zaidi. Mke wangu Nduku amechoka hadi juzi aliibishia friji hodi kabla ya kuifungua. Hayo masaa matatu ndiyo mali yetu yote. Tukiyaacha Tena, si tutazikwa?

Basi asubuhi, Nduku akifunga masufuria, mimi nikafagia chini ya kitanda cha Mutua. Nikajaza kopo la mafuta ya kupikia. Vumbi, nywele, kifungo kimoja, na ganda la ndizi lililokauka (sikutaka kubagua, nani ajuaye usingizi umejificha wapi). Nikamjazia Mutua kikombe chake cha kifuniko, kile kinywaji ninachomtengenezea kila siku Nduku akiwa kazini. Halafu nikafunga mdomo.

"Boss, hii meza ikae juu ama chini?" dereva wa pikapu akauliza.

Nikamwangalia.

"Boss?"

Nikamwangalia zaidi.

"Mama, huyu mzee yuko sawa?"

"Achana naye," Nduku akasema. "Ameninunia tangu asubuhi. Siku ya kuhama!"

Kusingiziwa hivyo mbele ya dereva! Nikavumilia. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya sofa, kopo kifuani kama mweka hazina wa kanisa. Tulipofika mtaa wa Baba Dogo pikapu ikaingia shimo, mguu wa meza ukanigonga goti. Sikutoa hata "aii". Wangapi kati yenu wangeumia kimya kwa ajili ya mtoto?

Tukafika Lucky Summer, mtaa wetu mpya. Ploti ya ghorofa tano. Wabebaji wakatangulia na vitu, Nduku akapanda na Mutua, mimi nikabaki kulinda pikapu hadi kiti cha mwisho. Nyumba aliichagua Nduku peke yake, nami nilikuwa na maelezo yake tu: ghorofa ya tatu, mlango wa pili kushoto.

Kwenye ngazi nikakutana na keateka, msimamizi wa ploti. "Mzee, unaenda kwa nani?"

Nikamwonyesha juu kwa kidole. Nikapita.

Nikahesabu vizuri, kama msomi, kuanzia chini: moja, mbili, tatu. Kumbe kwa ploti hii ile ya chini haihesabiwi! Nani alipitisha sheria hiyo? Watu wanaishi pale chini, wanapika, wanaanika nguo, halafu mnasema ni sufuri?

Mlango wa pili ulikuwa wazi. Ndani ni fujo tupu: godoro limesimama ukutani, viti juu ya meza, ndoo katikati. Nikajua ni kwetu. (Kumbe ni Jumamosi, mpangaji wa hapo anapiga deki.) Chumbani nikaona kitanda cha mtoto, cha mbao, rangi ya samawati, sawasawa na chetu. Mafundi wa kando ya barabara Eastlands nzima wana rangi moja tu! Nikapiga magoti. Nikaingiza kichwa. Nikaanza kumwaga, polepole, kwa heshima.

"Wewe ni nani?"

Sikujibu. Kopo lilikuwa limebaki robo.

"Nimekuuliza! Unamwaga nini chini ya kitanda ya mtoto wangu?"

Nikaona miguu. Haikuwa ya Nduku. Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikapiga hesabu: nikisema sasa, nimeumia goti bure. Nikamwaga harakaharaka.

"Uuuwi! Mchawi! Mchawi kwa kitanda ya Shiru!"

Mmewahi kuona ploti nzima ikija kwa nyumba moja? Mama mmoja na mwiko wenye ugali. Mzee mmoja na povu la kunyoa nusu ya ndevu. Keateka naye, "Ndiye huyu! Nilimuuliza anaenda kwa nani, akanyamaza!" Halafu kutoka juu, Nduku, Mutua kiunoni.

"Baba Mutua?"

"Unamjua huyu?" mama wa mwiko akauliza.

"Ni bwanangu," Nduku akasema, kama mtu anayeungama.

"Basi aseme amemwaga nini!"

Kopo sasa lilikuwa tupu. Nikasimama, nikakung'uta magoti, na kwa heshima yote ya cheti changu nikatamka maneno yangu ya kwanza tangu asubuhi:

"Nimeleta usingizi."

Mzee wa povu akarudi nyuma hatua mbili.

Ikabidi nieleze. Njoro, vumbi, ganda la ndizi, yote. Walicheka hadi mwiko ukaanguka. "Chekeni!" nikawaambia. "Wenu wanalala!" Nduku hakucheka, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mama Shiru, mwenye kitanda, ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa anamtazama Mutua, anayefyonza kikombe chake, macho yamemtoka kama taa za lori.

"Hapo ndani kuna nini?"

"Chai," nikasema.

"Chai?" Nduku akageuka. "Mimi si huacha maziwa?"

"Huyatia majani. Vijiko viwili. Apate nguvu."

"Kila siku?"

"Mara tatu. Ya mwisho akiingia kitandani, imtulize."

Nduku akafunga macho. Mama Shiru akachukua kikombe, akakinusa, kisha akanipa ufagio.

"Baba Mutua, usingizi haukai kwa vumbi. Ni majani ya chai yanamnyima mtoto usingizi. Mpe maziwa matupu. Na ukimaliza kufagia hapo, kwenu ni ghorofa moja juu ya hii."