Jinsi Nilivyomleta Opiyo Treni Mamboleo

Jumapili, 1 Agosti 1971

Daftari langu jipya, salamu nyingi sana. Hujambo? Hali yako ikoje? Sisi hapa Mamboleo ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila mke wangu Nelima ana mafua kidogo. Mchungaji ameagiza kila mzee wa kanisa aandike mambo ya moyo wake siku kwa siku. Mimi nilichozoea ni kushona suruali na kuandika barua. Basi nakuandikia kama ndugu.

Jambo la moyo wangu ni hili: NIMEMPATA OPIYO TRENI!

Wewe wakati ule ulikuwa bado mti, kwa hivyo nikueleze. Opiyo Treni akipiga mpira zamani, makipa walikuwa wanajitoa golini wenyewe kwa heshima. Siku hizi anakausha samaki Luanda Kotieno. Jana nilipanda basi, nikamkuta amelala juu ya nyavu. Nikamwomba aichezee timu yetu Jumamosi dhidi ya Ahero. Akasema atafikiria. Akapiga mwayo mrefu, ulipokwisha akakubali. Anasema ana miaka ishirini na tisa. Mtoto wake wa kwanza ana ndevu. Sikuuliza.

Jumatatu, 2 Agosti

Kikao cha kamati. Makamu wangu Zadock, yule wa bucha, alimtaka Joram, kijana anayekimbia kama mtu aliyeiba. Nikasimama. Nikasema kukimbia ni kazi ya wasiojua mpira unaenda wapi. Mtu mzima kama Opiyo haufuati mpira, mpira ndio unamtafuta. Makofi! Zadock akauliza kama tunasajili mchezaji au tunachimba kaburi. Kicheko kikubwa zaidi ya makofi. Nikashikwa na hasira, hasira takatifu, nikatamka mbele ya wote: Ahero wasipofungwa Jumamosi, kiti cha uenyekiti ni cha Zadock. Zadock akamwomba katibu aandike polepole, asiruke hata nukta.

Nelima ameniuliza kama nina homa. Anajua. Tangu nipate uenyekiti, hata sokoni naitwa Mwenyekiti. Bila kiti hicho mimi ni yule fundi ambaye cherehani yake inapiga kelele.

Jumanne, 3 Agosti

Amefika! Amekuja na gunia la mumi, yule kambare wa masharubu. Nimemshonea kaptura. Ikakwama mapajani. Nimefumua mbili, nimeziunganisha. Sasa alale wapi? Kwangu watoto wamejaa mpaka jikoni. Na nikimwacha ovyo, Zadock atamkaribisha pombe ya busaa na Jumamosi hataamka. Nikapiga magoti. Jibu likaja kabla sijasema Amina: Mama Seline, jirani yetu! Mjane, Msabato, mtu safi. Ana chumba cha nje. Kwake hakuna pombe, hakuna sigara, hata majani ya chai hayapiti mlangoni. Na chakula chake! Harufu inatufikia huku, tunakula chakula chetu kwa huzuni.

Akili nyingine si zangu, ni za Mungu tu.

Jumatano, 4 Agosti

Habari njema tupu! Opiyo amewakataa mumi wake mwenyewe! Mama Seline amemwonyesha katika Maandiko kwamba samaki asiye na magamba haliwi. Amegawa gunia zima, Nelima amepata wanne. Hiyo ndiyo nidhamu ya mwanamichezo. Zadock hawezi kuelewa.

Mazoezini Opiyo aliukimbilia mpira mara moja, akakaa chini. Lakini alikaa mahali pazuri sana, karibu na goli.

Alhamisi, 5 Agosti

Jioni nimemsikia Opiyo akiimba nyimbo za injili kwa Mama Seline, sauti nene inatikisa mabati. Nimelia kidogo. Nilikwenda kutafuta mchezaji, nimepata na nafsi!

Nelima akaniuliza, “Baba Wakhisi, kwani hao watu husali lini?” Nikamwambia husali sana. Akasema ameuliza lini, hajauliza kiasi gani. Nilikuwa nashona namba tisa mgongoni mwa jezi, na namba tisa ina kona mbaya.

Ijumaa, 6 Agosti

Balaa! Jua lilipozama Opiyo alikuja, uso mpole kama wa shemasi. “Jaduong',” akaniambia, yaani mzee, “tutaonana kesho jua likizama. Sabato imeingia.” Nikacheka. Hakucheka. Nikamkumbusha mechi ni saa kumi. Akanikumbusha amri ya nne. Mimi, mzee wa kanisa, nikumbushwe amri na mtu aliyekuwa analala juu ya nyavu!

Nikakimbilia kwa Mama Seline. Akanishukuru kwa machozi kwa kumleta ndugu kwenye kweli, akasema hata mimi nafasi yangu bado ipo, akanipa mkate. Nimeula kwa uchungu. Mkate mzuri.

Lakini sijashindwa. Yoshua alilisimamisha jua. Mimi siombi makubwa. Jua liende zake tu, mechi ndiyo isimame.

Jumamosi, 7 Agosti

Mungu anisamehe. Wewe nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Ahero walikuja na lori zima la mashabiki, vumbi la mpunga bado nguoni. Maombi ya kufungua ni kazi ya mwenyekiti. Nikashika mpira mkononi, nikaanza na Adamu. Macho yote yamefumbwa, refa ameinamisha kichwa. Mfukoni nilikuwa na wembe wa kazi. Nilipofika kwa Nuhu nikakata uzi mmoja wa mpira. Kwa Ibrahimu, kadhaa. Nilitaka kumfikia Danieli, lakini kwa Musa mtu mmoja wa Ahero akasema Amina kwa nguvu, uwanja mzima ukaitikia, hata mimi ilibidi.

Refa akaudunda mpira. Haukurudi. Na mpira ni huo huo mmoja! Nani ataushona? Fundi yuko wapi? Fundi huyu hapa! Nikaketi kwenye kiti changu, nikatunga uzi taratibu. Sindano ikaanguka kwenye nyasi. Nikaipata. Ikaanguka tena. Zadock alisimama juu ya kichwa changu akiuliza kama nashona mpira au gauni la arusi. Mwishowe refa akaninyang'anya kabla sijakaza fundo.

Ahero wakafunga. Joram wa Zadock akasawazisha, bahati tu. Kipindi cha pili kikaenda, kikaenda, na jua likatua upande wa ziwa.

Ndipo akatokea! Biblia kwapani, kaptura yangu mwilini, Mama Seline na waumini nyuma yake wanaimba. Uwanja ukalipuka: Treni! Treni! Nikarukaruka mpaka kofia ikapotea. Tukamwingiza, beki wa Ahero akaomba kumshika mkono. Dakika za mwisho kabisa Joram akaangushwa ndani ya boksi. Penalti! Joram mwenyewe akampelekea Opiyo mpira kwa mikono miwili.

Giza linaingia. Opiyo akarudi nyuma, akapumzika, akaja. Lo, ule mguu! Ule ule wa zamani! Kipa akajitoa golini kwa hiari yake. Mpira ukaondoka, mshono wangu ukafumuka hewani, na kitu kama chapati kikaanguka mbele ya mstari. Goli liko wazi kabisa. Refa akaja, akakiinua, akatazama mbinguni. Hakuna mpira mwingine, hakuna mwanga. Moja kwa moja. Sare.

Zadock alikwenda tu akakaa kwenye kile kiti. Kinamtosha.

Jumatatu, 9 Agosti

Leo sokoni wameniita fundi. Nimeitika.

Opiyo amerudi Luanda Kotieno na kaptura yake. Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimeomba, nimefunuliwa. Opiyo alikuwa KIJANA MNO! Nguvu za ujana zile, lazima apasue mpira. Tunahitaji mtu aliyetulia.

Na yupo! Mzee Wakoli, kipa, alistaafu hata kabla ya Uhuru. Nimemfuata leo asubuhi. Meno machache, lakini mikono, loo, kama sinia! Amekubali! Nimepita buchani, nikamwambia Zadock mbele ya wateja kwamba huyu akishindwa nampa na cherehani. Zadock ameacha nyama kwenye mizani, amekimbia kumtafuta katibu.

Marudiano ni Jumamosi hii. Mzee ni mtu wa busaa kidogo, kwa hivyo lazima alale mahali safi, penye kumcha Mungu. Mama Seline amekwisha kutandika kitanda, uso unamng'aa. Nelima amekaa hapa ananitazama tu. Wewe waonaje? Tafadhali nijibu upesi.